Kengele ya Somo la Dini



Katika shule nyingi hapa Kenya, kengele ya somo la dini ikilia darasa hugawanyika. Wanafunzi wa dini ya Kiislamu hubeba vitabu wakaenda chumba chao, wa dini ya Kikristo wakabaki. Sina ugomvi na mpango huo. Mtoto ana haki ya kufundishwa dini ya wazazi wake na mtu anayeijua. Kinachoniuma ni kuwa kengele ya pili ikilia, wanarudi kwenye dawati lilelile, na ni nadra mmoja kumuuliza mwenzake: leo mmesoma nini?

Wapo wanaotaka tugawanyike hivyo hata nje ya darasa, tena kwa bunduki. Tarehe 22 Novemba 2014, wanamgambo wa Al-Shabaab waliteka basi lililokuwa limetoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi kwao likizoni.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba, basi jingine likielekea Mandera lilisimamishwa. Amri ilikuwa ileile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake wa Kikristo walipewa mitandio na wenzao wajifunike, na washambuliaji wakaambiwa: tuueni sote au mtuache sote. Mmoja wa waliokataa alikuwa Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Akiwa hospitalini Nairobi, aliwasihi Waislamu na Wakristo waishi kama ndugu.

Alikuwa mwalimu, msikilizaji. Kila nikimkumbuka, najiuliza shule zetu zimefanya nini na somo alilotuachia.

Ombi langu ni dogo. Kila muhula, kipindi kimoja tu cha dini, watoto wasigawanyike. Wakae pamoja, walimu wa dini zote wawepo, na watoto ndio waeleze. Mwaka wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaandama karibu siku hiyohiyo. Fikiria darasa ambamo huyu yumo kwenye Kwaresima na huyu kwenye saumu. Wangekuwa na mengi ya kuulizana! Wewe hunywi hata maji? Nyama je, mnaacha siku gani? Hapo ndipo mtoto Mkristo angesikia, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryamu.

Watasikia na yanayotutenga. Mkristo atasema Yesu ni Mwana wa Mungu. Mwislamu atasema Isa ni mtume. Tusiwafiche hilo, wala tusilipake sukari. Mtoto wa darasa la sita anaweza kumsikiliza rafiki yake akisema jambo asiloliamini, kisha wakatoka nje kucheza mpira. Ila mwalimu awe macho: kipindi hiki kisigeuke mhadhara, watu wakatupiana aya kutafuta mshindi. Mihadhara ya namna hiyo tunayo ya kutosha mitaani.

Najua kuna mzazi ananisikiliza sasa hivi na moyo unamdunda, anaogopa mwanawe atabadilishwa dini. Hofu yako naielewa, mzazi mwenzangu. Lakini tazama jambo hili. Mtoto akiambiwa wiki ijayo utasimama uwaeleze wenzako maana ya udhu, atakimbilia kwa ustadhi wake kuuliza vizuri, asije akaaibika. Wa ubatizo naye atamtafuta katekista. Kila mmoja atakuwa amerudi kwao kusoma kwanza, na pengine akasoma kwa bidii kuliko alivyowahi kusoma kwa ajili ya mtihani.

Walimu wakuu, ratiba ya muhula ujao iko mikononi mwenu. Dakika 35 au 40 tu. Kitafuteni hicho kipindi.