Fuwele za Pasteur

Asidi ile ya mapipa ya mvinyo, iliyowashangaza wanakemia kwa kutouzungusha mwanga kama nduguye, asidi ya tartari, afanyavyo, ilikuwa kwa hakika pacha wawili waliochanganyika, kila mmoja taswira ya mwenziwe kiooni; na siri hiyo aliifichua Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, mjini Paris mwaka 1848, alipoiacha chumvi yake yenye sodiamu na amonia igande taratibu, kisha akazichambua fuwele moja moja, za kulia huku, za kushoto kule. Mzee Biot, mwanafizikia asiyesadiki upesi, alitaka airudie kazi mbele yake. Lakini iliyo bora, kwa rai yangu, ni njia yake Pasteur ya 1853: kuiunganisha asidi na besi itokanayo na magome ya mkwinini, hata chumvi moja ikaganda mapema, ya pili ikabaki majini. Njia hiyo viwanda vya dawa vingali vikiitumia.