Aliyeumba Akakimbia



Majuzi nilikuwa safarini kusini. Usiku mmoja, katika nyumba ya wageni mjini Nachingwea, umeme ulikatika. Nikawasha mshumaa, nikaendelea kusoma riwaya niliyokuwa nayo: Frankenstein, ya Mwingereza Mary Shelley. Ilichapwa London mwaka 1818, mwandishi akiwa na miaka 20 tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana msomi wa sayansi, Victor Frankenstein, anakusanya viungo vya maiti, anaviunga na kuvitia uhai. Kiumbe kinapofumbua macho, msomi anatishwa na sura yake, anatimua mbio. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. La, ni jina la aliyeliumba. Zimwi halikupewa jina. Linajifunza kusema kwa kuchungulia penye ufa wa nyumba ya watu, linaomba kupokelewa, linapigwa. Ndipo linapoanza kuua.

Nakiri niliogopa. Niliinuka mara mbili kutazama komeo la mlango.

Kesho yake nikaenda Ruangwa. Mgahawani nilikaa na mzee mmoja, mzaliwa wa Nachingwea, nikamsimulia kisa kile. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, huyo msomi aliweza kutengeneza mtu mzima, jina tu ndilo likamshinda?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Sisi tunamjua," akasema.

"Zimwi, mzee?"

"Huyo aliyekimbia."

Alikuwa akisema juu ya mradi wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga hapa nchini, mashamba yakawekwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa hadi Nachingwea. Lakini mapori, udongo na mvua vilikataa hesabu za London. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamekwenda na maji. Reli nayo ikafungwa katika miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa.

Baba wa mzee yule alikuwa kibarua wa kufyeka mapori hayo. Asubuhi moja aliambiwa kazi imekwisha, basi.

Siku hizi Ruangwa wanazungumza juu ya madini ya kinywe, yanayotakiwa ulimwenguni kwa kutengenezea betri. Nikamwuliza mzee kama anaziogopa mashine za wachimbaji.

"Mashine siogopi," akajibu. "Nataka kujua mwenye mashine atalala wapi siku itakapoharibika."

Msikilizaji, riwaya nimeimaliza. Zimwi sasa naliona kwa huruma, na hofu yangu yote imehamia kwa kijana msomi, maana hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na elimu, bidii na nia njema. Alichokosa ni moyo wa kubaki chumbani baada ya kile alichokiumba kufumbua macho.

Nasi tunaotia saini mikataba, tunaofungua miradi kwa ngoma na vigelegele, na hata sisi tunaozaa watoto, tujiulize swali la mzee wa Ruangwa: siku hiyo tutalala wapi?

Kwaherini.