Greensburg na upepo wake

Msikilizaji, usiku wa tarehe 4 Mei 2007 kimbunga cha tonado chenye upana wa zaidi ya kilomita mbili kiliufyeka mji mdogo wa Greensburg, Kansas, nchini Marekani. Takriban asilimia 95 ya mji iliharibiwa. Watu 11 walipoteza maisha. Wangekuwa wengi zaidi, lakini ving'ora vililia mapema na wakazi wakawahi kujificha katika vyumba vya chini ya ardhi.

Kinachonigusa zaidi ni mikutano yao ndani ya hema, vifusi vikiwa bado vimewazunguka. Waliamua kujenga upya, na umeme wao utokane na upepo, naam, upepo! Mitambo 10 ikasimikwa nje ya mji. Karibu nusu ya wakazi hawakurudi. Waliobaki walijenga hospitali na shule mpya.