Avoka wa "mwizi" si mwizi

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Uvira



Munakumbuka mwaka wa 2020? Kesi ya Vital Kamerhe ilikuwa inapita kwa televizyo ya taifa, moja kwa moja toka gereza la Makala. Dola zaidi ya milioni 48, za kujenga nyumba. Huku kwetu, kila kibanda cha kuchaji simu kiligeuka tribinali. Na watu walikuwa wanatukana nani? Mavoka wake! Eti wanakula franga ya wizi.

Mimi nilisoma sheria. Diplome iko ndani ya valizi, kazi hakuna, lakini nilichosoma ninaweza kuwapa bure. Katiba yetu, kifungu cha 19, inasema kila mutu ana haki ya kujitetea ao kutetewa na mwenye amechagua. Haikuandika "isipokuwa wakubwa".

Tazameni vile ilienda. Jaji Raphaël Yanyi akafa katikati ya kesi. Mwezi wa sita, miaka 20 ya kazi ngumu. Kwenye rufaa, miaka 13. Aprili 2022, korti ya kasasyo ikavunja hukumu, na mwezi wa sita korti ikamutoa hatia. Wengine wanasema ni siasa. Pengine. Lakini avoka kazi yake ni kulazimisha parke ilete ushahidi, na ushahidi ukikosa, lawama ni ya parke. Sisi wananchi tulibaki na ulizo ileile: franga ilienda wapi?

Sasa, kuna avoka mwingine. Yule anapokea makuta ya mama wa Kalundu, siku ya kesi haonekani. Ao anabeba anvelope kwa jaji. Huyo njo wa kukamata! Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 iko wazi: baraza la baro linaweza kumuonya, kumukaripia, kumusimamisha, ao kumufuta kabisa. Shida, baro iko Bukavu, na muko munajua ile barabara. Tunaomba batonye atume mutu hapa Uvira kupokea malalamiko.

Tukingojea, tuandike. Jina, tarehe, kiasi ulicholipa, na kopi ya resi. Barua mbili: moja inaenda, ingine wanakutilia sinyatire unarudi nayo. Usilipe avoka yeyote bila resi, hata akiwa mujomba wako.

Mwenye hajui kuandika, tuko Mulongwe kila siku ya posho, saa nane. Mimi nitaleta biki, ninyi leteni resi.