Nguvu kwa Kipimo

Tumewaona watoto ambao miguu yao hulegea mwaka hata mwaka. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo, unaowapata hasa wavulana, huitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Mtoto huanza kuangukaanguka, kisha hupanda ngazi kwa taabu. Majirani wengine husema, "Mkimbizeni, atapata nguvu." Wengine husema, "Mwacheni alale, maskini."

Yote mawili humdhuru. Misuli yake imekosa protini ya kuilinda, nayo huumia upesi ikilazimishwa. Lakini isiponyoshwa, kano hukaza na viungo hupinda. Kwa hiyo mtaalamu wa viungo humfundisha mzazi kukinyosha kifundo cha mguu kila siku, polepole, na kumpumzisha mtoto kabla hajachoka. Misuli ikiuma, acheni. Mkojo ukiwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, nendeni hospitali mara moja.

Mazoezi haya hayaponyi ugonjwa. Huchelewesha kupinda kwa viungo, na hilo si jambo dogo kwa mtoto atakaye kuvaa viatu vyake.

Nabii Eliya alipochoka chini ya mti, malaika hakumhimiza akimbie. Alimlisha, Eliya akalala tena, akalishwa tena. Ndipo akaianza safari. Mungu ajua kipimo chetu. Nasi tushikapo mguu wa mtoto jioni, tuushike kwa kipimo hicho.