Kuanzishiwa Uchungu: Kwa Nini Saa Huwa Nyingi

Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wajawazito wa Wilaya ya Ilala na jamaa zao



Katika wodi ya wazazi hakukosi mama ambaye hakuja na uchungu. Amekuja na karatasi ya rufaa, kadi ya kliniki na begi la kanga, na uchungu wake ndio unaotafutwa. Nje ya geti mama mkwe, wifi na mume wanaulizana tangu asubuhi: mbona bado? Swali hilo ni la haki. Jamaa wengi hudhani kwamba dawa ikishatolewa saa nane mchana, mtoto atakuwa amezaliwa kabla ya magharibi. Ukweli ni kwamba kwa mzazi wa kwanza, ambaye mlango wake wa kizazi bado umefunga, shughuli hii yaweza kuchukua usiku, mchana, na usiku wa pili. Kungoja huko ni sehemu ya tiba yenyewe, na asiyelijua hilo huenda akatafuta njia ya mkato.

Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kuzaa katika wiki ya 39 au ya 41 ni jambo la kawaida. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchungu uanzishwe kwa mama aliyetimiza wiki 41 bila dalili yoyote, kwa kuwa baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka kadiri siku zinavyosonga. Sababu nyingine hazingoji wiki hizo: presha inayopanda na kutishia kuleta kifafa cha mimba, chupa iliyopasuka na uchungu usifuate, kisukari, au mtoto aliyeacha kukua ipasavyo. Wapo pia akina mama ambao mtoto amekwisha kufariki tumboni. Hao nao huanzishiwa uchungu, na wanastahili upole zaidi ya wote.

Hesabu ya wiki 41 haiwezi kuwa bora kuliko tarehe ilikoanzia. Mama anayehudhuria kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi saba, naye hakumbuki vema hedhi yake ya mwisho, humwacha daktari akikisia. Picha ya ultrasaundi iliyopigwa katika miezi mitatu ya mwanzo hukosea umri wa mimba kwa siku chache tu, bali ile ya mwezi wa nane yaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi. Ndiyo maana yupo anayeambiwa kwamba amepitisha wakati ilhali hajaufikia, na yupo aliyekwisha kupitisha ambaye hakuna anayejua. Hii ni faida ya kuwahi kliniki ambayo haitajwi sana.

Kabla ya dawa yoyote, mkunga au daktari hupima mlango wa kizazi. Mwaka 1964 daktari wa Marekani, Edward Bishop, alipendekeza namna ya kuutolea alama: umefunguka kiasi gani, umelainika na kufupika kiasi gani, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Alama zikiwa nyingi, wakunga husema mlango umeiva. Zikiwa chache, mlango bado mbichi, nao lazima uivishwe kwanza. Saa nyingi za kusubiri hupotelea hapa, kwenye kuivisha, kabla hata uchungu wenyewe haujaanza. Jamaa aliyeko nje haoni chochote kinachoendelea, lakini kazi inaendelea.

Njia nyepesi kuliko zote ni mkunga kuzungusha kidole ndani ya mlango ili kuutenga utando wa chupa na ukuta wa kizazi. Huuma, huweza kuacha matone ya damu, na baadhi ya akina mama huanza uchungu wenyewe katika siku zinazofuata. Njia nyingine ni mpira uleule unaotumika kutolea mkojo, wenye puto dogo kwenye ncha. Puto hupitishwa juu ya mlango wa kizazi, hujazwa maji safi ya hospitali, na mpira hubandikwa pajani. Mlango ukifunguka kiasi cha sentimita tatu au nne, puto hudondoka lenyewe. Mama asishtuke likidondoka: limemaliza kazi yake.

Kisha kuna vidonge. Dawa za jamii ya prostaglandini zina historia yake hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, waliandika katika jarida la tiba la Uingereza jinsi walivyoanzisha uchungu kwa wajawazito kwa dawa hizo, wakizipitisha mshipani. Akina mama wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kuzaa kwa njia hiyo, jambo ambalo lingestahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Misoprosto ya leo ni dawa ya jamii hiyohiyo, ambayo hapo mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Kidonge cha misoprosto kinachopatikana kwa wingi kina mikrogramu 200. Kipimo cha kuanzisha uchungu kwa mama mwenye mtoto hai aliyefikisha miezi yake ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge hicho. Hutolewa kila baada ya saa mbili kwa kunywa, au kila baada ya saa sita kwa kuwekwa ukeni, na kila mara mama hupimwa kwanza. Robo ya kidonge iliyokatwa kwa wembe nyumbani ni maradufu ya kipimo. Nusu ni mara nne. Mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji hapewi dawa hii kabisa, kwa kuwa kovu la zamani laweza kuachia.

Kizazi kinapokaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua; kinapolegea, mtoto hupata hewa yake tena. Uchungu salama una mapumziko. Dawa ikizidi, mapumziko hutoweka, mtoto huchoka, na kizazi chaweza kupasuka, hasa kwa mwenye kovu au aliyezaa mara nyingi. Hospitalini hatari hiyo hukutana na mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kilicho karibu. Chumbani Vingunguti au Gongo la Mboto, usiku, hakuna anayesikiliza.

Hayo yanahusu pia mizizi na magome yanayochemshwa ili kuharakisha uchungu. Baadhi yake yana nguvu kwelikweli ya kukaza kizazi, na tatizo lake ndilo hilo: hakuna ajuaye kipimo, na kikombe kikishanywewa hakirudi. Mafuta ya nyonyo huharisha na kumkausha mama maji kabla ya safari ndefu. Tende ni chakula kizuri, na asiye na kisukari na azile, ila asizihesabu kuwa dawa ya saa hiyo. Mama aliyekwisha kunywa kitu chochote amweleze mkunga mara anapofika, hata kama aliyempa ni mkwewe na anaona haya. Mkunga asiyejua ataongeza dawa ya hospitali juu ya ile ya nyumbani.

Mlango ukishaiva, chupa yaweza kupasuliwa, na dripu ya oksitosini ikawekwa. Dripu haianzi mara tu baada ya kidonge; baada ya kile cha ukeni husubiriwa walau saa sita. Huanza polepole, matone yakihesabiwa na kuongezwa kidogo kidogo, hadi uchungu uje mara tatu au nne katika dakika kumi. Ukizidi mara tano, matone hupunguzwa au dripu hufungwa. Kwa hiyo jamaa asimwombe muuguzi aifungulie zaidi, wala mama asiguse kifundo chake mwenyewe. Oksitosini hutunzwa katika friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikizungushwa mkobani katika jua la Kariakoo, yaweza kufika wodini imekwisha nguvu.

Uchungu wa dripu hupanda upesi, na akina mama wengi huuona mkali kuliko ule wa kawaida. Kumficha mama jambo hilo hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kutembea pale anaporuhusiwa, kunywa maji, na kuwa na mtu wake wa karibu mahali utaratibu wa wodi unaporuhusu.

Wakati mwingine mlango haufunguki licha ya yote. Hapo dawa ndiyo iliyoshindwa, mama hakukosa kitu. Ikiwa yeye na mtoto ni wazima, daktari aweza kuwapumzisha na kuanza upya. La sivyo upasuaji hufuata. Kwa sababu hiyo zahanati huandika rufaa kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Amana, na kwa hali nzito zaidi Muhimbili. Anayetoka Chanika au Msongola na amepangiwa tarehe, afadhali aondoke asubuhi kuliko kungoja giza na foleni. Abebe kadi ya kliniki, nguo za siku tatu na chakula cha kumtosha, na jamaa wawili wajue mapema kwamba huenda wakaombwa kuchangia damu. Akiwa bado nyumbani akaona damu, maji yakamtoka, kichwa kikamuuma sana na macho kufifia, au mtoto akapunguza kucheza, asingoje tarehe hiyo.

Baada ya mtoto kuzaliwa, muuguzi humchoma mama sindano na kulikanda tumbo lake mara kwa mara. Kizazi kilichosukumwa na dripu kwa saa nyingi huweza kuchoka kisijikaze, na damu ikatoka kupita kiasi. Kanga ikilowa haraka, mama au mwenzake amwite muuguzi papo hapo, hata ikiwa ni saa tisa za usiku na mtoto amelala.