Mungu Yupi?

Mwezi uliopita tulimzika mama yangu mkubwa huko Kilimanjaro, kwenye kihamba alichoolewa. Si kawaida yangu kuleta habari za nyumbani hewani, lakini lililotokea jioni ya siku ile limenikaa rohoni, na nina hakika haliko kwetu peke yetu.

Mchungaji alikwisha maliza ibada na watu wa mbali walianza kuaga. Hapo wazee wakamwomba mjomba wangu, kaka yake marehemu wa tumbo moja, naye aombe dua. Mjomba aliondoka nyumbani angali kijana, akaenda kukata mkonge Tanga, akasilimu huko, akaoa huko, na leo ni mzee wa kanzu na kofia aliyepita miaka sabini. Misiba yote ya ukoo huja. Huomba dua, nasi Walutheri tunaitikia amina, kisha tunakula. Haijapata kuwa taabu.

Safari hii alipoinua mikono tu, mtoto wa marehemu, ambaye ni mdogo wangu, akasimama. Huyu siku hizi anasali kwenye kanisa jingine huko mjini. Akasema kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika uwanja mzima: "Samahani sana mjomba. Mama haombewi kwa Mungu mwingine." Akatoka.

Mjomba akashusha mikono. Hakusema neno. Alfajiri tulipoamka tukaambiwa amekwishapanda basi la Tanga.

Na nyinyi wasikilizaji Waislamu msianze kutikisa vichwa. Nimesikia kwa masikio yangu haya kipaza sauti cha upande wa pili, mtu akiwaambia vijana kwamba jirani zao wanaabudu Mungu asiyekuwa Mungu wao. Maneno ni yale yale, vinywa tu ndivyo tofauti. Basi tangu siku ile ninajiuliza: Mungu mwingine yupi?

Tuanze na neno lenyewe. Mwarabu hakulileta kwa jahazi, wala mmisionari hakulileta kwa meli. Wagogo wanasema Mulungu. Wayao wanasema Mulungu. Ndugu zetu Wamijikenda nyuma ya Mombasa wanasema Mulungu, na Wachewa wa Malawi vilevile. Wameru walio chini ya Mlima Kenya wanasema Murungu. Kiswahili kina tabia ya kuimeza "l" ya katikati, na katika vitabu vya zamani utakuta limeandikwa Muungu. Hatimaye likawa Mungu.

Uislamu ulifika pwani yetu zamani mno. Msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Watu wa pwani walijifunza kusali kwa Kiarabu, na wakaleta majina mengi matukufu: Mola, Rabi, Jalali, Karima. Lakini neno la babu zao hawakulitupa. Walilichukua wakaliweka mbele kabisa, wakalivika pambo: Mwenyezi Mungu. Hebu lichambueni hilo "Mwenyezi". Ni "mwenye", neno letu la Kibantu, na "enzi", la Kiarabu. Nusu kwa nusu.

Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa tafsiri yake ya Kurani Tukufu mwaka 1969, aliandika Mwenyezi Mungu. Kabla yake, mwaka 1923, kasisi wa Kianglikana aliyeishi Unguja, Godfrey Dale, naye aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na kwa hakika hakuifanya kazi ile kwa kuupenda Uislamu. Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekua nayo, ile ya mwaka 1952, inaanza kwa kusema Mungu aliziumba mbingu na nchi. Kwa hiyo tuna vitabu viwili, na neno moja, na neno hilo ni la wazee ambao hawakuwa na kitabu chochote.

Sasa nyumbani kwetu Kilimanjaro hatusemi Mungu. Tunasema Ruwa, na ruwa kwa Kichaga ni jua. Wamisionari walipofika walilikuta neno hilo. Wangeweza kulikataa, wakasema hawa wanaabudu jua. Hawakulikataa. Mpaka leo Mchaga akisali kwa lugha ya mama yake anamwita Ruwa. Bibi yangu alikuwa amebatizwa, na Jumapili hakosi kanisani, lakini asubuhi nilimwona akitoka mlangoni, akitazama jua linavyochomoza, akitema mate kidogo kuwabariki walio ndani ya nyumba. Nilikuwa mtoto wa shule, na mtoto wa shule ni mjuaji. Nikamwuliza: bibi, unaomba jua? Akanicheka. Akasema, "Wewe ukipiga hodi, huwa unausalimia mlango?"

Wala si sisi peke yetu. Wakalenjin wa Kenya wanasema Asis, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanasema Ishoko, na yote ni jua. Wairaqw wa Mbulu wanasema Looa, ambaye pia ni jua, na Looa ni mama. Naam, mama. Wamasai nao wanasema Enkai, jina ambalo katika lugha yao limekaa upande wa kike, na ni neno hilo hilo la mvua na mbingu. Wanamtaja Enkai mweusi, mwenye wingu la mvua na huruma, na Enkai mwekundu, mwenye hasira na ukame. Wakikuyu, ambao wao na Wamasai kwa muda mrefu walinyang'anyana ng'ombe na kuoleana mabinti, walilichukua jina hilo kwa Wamasai, na ndilo Ngai la leo. Hebu fikirini: mtu anakuibia ng'ombe, nawe unachukua kwake jina la kumwitia Mungu!

Hapa Kiswahili kimetuponya na ugomvi mmoja ambao Wazungu hawajaumaliza, wa kama Mungu aitwe kwa neno la mwanamume au la mwanamke. Sisi tunasema "anajua", "anasikia", basi. Ile "a" haina ndevu wala ushungi.

Lakini nisije nikaonekana ninasema kwamba majina yote ni mamoja na kila kitu ni sawa. Hapana. Majina yana hatari zake. Okot p'Bitek wa Uganda, yule mwandishi wa Wimbo wa Lawino, alieleza kisa cha mwaka 1911. Mapadri wa Kiitalia waliwaita wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani amewaumba? Lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, kwa hiyo swali likageuka likawa: nani amewafinyanga? Wazee wakashangaa. Mtu amezaliwa na mama yake, nani tena wa kumfinyanga? Mapadri wakashikilia. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba yuko anayewafinyanga watu, yaani anayeupinda mgongo wa mtu mzima mpaka akawa na kibyongo. Huyo anaitwa Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakaandika. Na ndilo jina la Mungu katika makanisa ya Kiacholi hadi leo.

P'Bitek alikisimulia kisa hicho kwa uchungu. Aliwalaumu hata wasomi wetu Waafrika kwamba wanawavika miungu ya babu zao kanzu za Kigiriki ili wafanane na Mungu wa vyuoni Ulaya. Nadhani alizidisha kidogo. Mwacholi anayepiga magoti leo na kumwita Rubanga hafikirii kibyongo, kama vile bibi yangu hakufikiria mlango. Neno hujazwa na wanaolisema. Hata hivyo onyo lake nalikubali: jina kuwa moja hakumaanishi kwamba tunasadiki mamoja.

Na kweli hatusadiki mamoja. Mkristo anasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwislamu anasema huko ni kumshirikisha Mungu, na hawezi kulegeza hapo akabaki Mwislamu. Mababu zetu walichinja mbuzi na kuwapitia waliokufa, jambo ambalo mchungaji na shehe wote wawili wanalikataza. Mdogo wangu hakukosea kuona tofauti. Tofauti zipo na ni kubwa, na mtu anayezificha ili watu wapatane anajenga kwenye mchanga.

Ninapotofautiana naye ni hapa. Katika msiba ule ule wa mama yake, watoto saba walikaa wakimzungumza marehemu. Kifungua mimba akasema mama alikuwa mkali, fimbo haitoki mkononi. Kitinda mimba akasema mama hakuwahi kumchapa hata siku moja. Walibishana kidogo wakinifurahisha sana. Mmoja kati yao amekosea, au wote wawili wamemjua nusu. Lakini hakusimama mtu akasema basi wewe ulikuwa na mama mwingine. Mfano huu una mwisho wake, na wataalamu wa dini watanisahihisha. Ila kwangu unatosha kwa jioni moja ya matanga.

Jina la Mungu likigeuzwa mali ya kundi moja, tunajua mambo hufika wapi. Huko Malaysia Wakristo wanaosema Kimalay wamemwita Mungu Allah kwa karne nyingi, kama wanavyomwita Wakristo wa Misri, Lebanoni na Syria. Mwaka 2007 serikali ikalizuia gazeti moja la Kikatoliki kulitumia neno hilo. Mwisho wa mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaliruhusu. Siku chache baadaye, Januari 2010, makanisa yakatupiwa moto. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikazuia tena, na 2014 mahakama ya juu kabisa ikakataa kusikiliza rufani ya gazeti. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, katika kesi ya mwanamke mmoja Mkristo aliyenyang'anywa CD zake za dini uwanja wa ndege, ikasema ana haki ya kulitumia. Miaka zaidi ya kumi, wanasheria kwa majaji, kwa ajili ya neno ambalo mama wa kijijini analisema akifunika chungu.

Sisi neno letu halijafikishwa mahakamani. Ila nimeliona likifikishwa uwanjani, mbele ya jeneza la mtu aliyekuwa dada wa mmoja na mama wa mwingine.

Arobaini ya mama mkubwa ni Jumamosi ijayo. Juzi mjomba amenipigia simu kutoka Tanga. Hakulitaja lile jambo. Aliuliza hali ya mvua, akauliza bei ya nauli, halafu akaniuliza kama ipo haja ya yeye kuja. Nimemwambia aje, na kwamba safari hii ataanza yeye, kabla ya mchungaji. Mchungaji nimekwisha mweleza, amekubali bila shida.

Mdogo wangu bado sijamwambia. Leo jioni nitakwenda kwake.